Mbalamwezi Ikiwaka, Nenda Kapime Presha

Mvuvi wa dagaa wa Kigoma anakwenda kazini kwa kalenda ya mwezi. Usiku wa giza anaingia ziwani na taa, dagaa wanaifuata taa, wavu unanyanyuliwa. Mbalamwezi ikishika, taa inakosa kazi, maana ziwa lote linang'aa na dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Hapo ndipo utaikuta mitumbwi imevutwa mchangani Katonga na Kibirizi, nyavu zinashonwa, wazee wako kwenye bao, na vijana wanakopa sigara dukani. Mapumziko hayo huja kila mwezi bila kuombwa. Katika mwongozo huu nakuomba utoe asubuhi moja tu kati ya hayo kwa ajili ya moyo wako, na kama wewe si mvuvi bali una duka Mwanga au unachoma samaki Ujiji, mwezi huo huo unakuangazia na wewe.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu maradhi ya moyo na mishipa ya damu, yale yanayowaangusha watu ghafla, mengi huanza na presha ya kupanda, na presha ya kupanda haiumi. Malaria ina homa, jino lina maumivu. Presha inaweza kukaa mwilini miaka 10 huku mwenye mwili anabeba magunia na kucheka. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 ulikuta kwamba katika Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mtu 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu. Wengi wao walikuwa hawajui.

Pampu mbili katika ngumi moja

Kunja ngumi yako. Moyo wako una ukubwa wa kukaribia hapo. Umekaa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, ncha yake imeelekea kushoto. Ndiyo maana mapigo unayasikia zaidi upande huo. Ni msuli mtupu, na ndani yake kuna vyumba vinne: viwili vya juu vya kupokea damu, viwili vya chini vya kuisukuma.

Watu huuzungumzia moyo kama pampu moja. Ni pampu mbili zilizoshikana, zinatenganishwa na ukuta. Ya kulia inapokea damu iliyochoka, iliyokwisha kutoa oksijeni mwilini, na kuipeleka mapafuni, ambayo yako jirani kabisa. Ya kushoto inapokea damu iliyotoka mapafuni ikiwa na oksijeni mpya, na kuisukuma mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye ukucha wa mguu. Anayeijua Kigoma anajua kwamba kuyapeleka maji ya ziwa kwenye nyumba za ufukweni ni kazi ndogo kuliko kuyapandisha vilimani. Kwa sababu hiyo hiyo ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia.

Kati ya vyumba, na kwenye milango ya kutokea, kuna vali nne. Kazi ya vali ni moja: damu ipite mbele, isirudi nyuma. Ile sauti ya "du-dup" anayoisikiliza daktari kwa kifaa chake ni milango hiyo ikifungwa, kwanza ile ya katikati ya vyumba, kisha ile ya kutokea. Mlango usiofunga vizuri hupuliza, na usiofunguka vizuri hukwaruza. Sikio lililozoea mara nyingi linatambua hata kabla ya mashine.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kila dakika husukuma damu kama lita 5. Kwa kipimo tunachokifahamu, ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika 4. Kwa siku nzima ni zaidi ya lita 7,000. Lile tangi jeusi la plastiki la lita 5,000 lingejaa na kufurika. Damu yenyewe mwilini ni lita 5 tu, kwa hiyo ni ile ile inayozunguka na kurudi.

Jambo hilo la kuzunguka, ambalo leo mtoto wa darasa la sita analijua, lilichukua karne nyingi kueleweka. Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 13, ndiye aliyeandika kwamba damu haipenyi ukuta wa katikati ya moyo kama walivyoamini wakubwa waliomtangulia, bali hupitia mapafuni. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akaonyesha mzunguko mzima. Mojawapo ya majaribio yake halihitaji hospitali. Mtafute mvuta nyavu mwenye mikono iliyokomaa, aning'inize mkono mpaka mishipa itutumke. Bonyeza mshipa mmoja kwa kidole karibu na kifundo cha mkono usiuachie, kisha kwa kidole kingine sukuma damu iliyomo kuelekea kwenye kiwiko, uondoe kidole hicho cha pili. Kipande kile cha mshipa kinabaki kimebonyea, kitupu. Damu iliyo juu hairudi chini, imezuiwa na kijimlango kilichomo ndani. Achia kidole cha kwanza, nao unajaa mara moja kutokea chini. Umeona kwa macho yako kwamba mishipa hiyo, inayoitwa vena, inarudisha damu moyoni na haina njia nyingine.

Ile inayopeleka damu kutoka moyoni ni ateri. Imejificha ndani zaidi na kuta zake ni nene, kwa kuwa ndiyo inayopokea msukumo. Mahali pachache inapita karibu na ngozi, na hapo unaisikia ikidunda. Weka vidole viwili, si dole gumba, kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Zaidi ya hesabu, sikiliza mwendo. Mapigo yanayokwenda kama ngoma ya mlevi, haraka, taratibu, yanaruka, yanarudi, hayo ni ya kumwonyesha daktari hata kama hesabu yake ni nzuri. Moyo usiopiga kwa mpangilio unaacha damu ituame katika vyumba vya juu, damu iliyotuama huganda, na tonge lililoganda likisafiri hadi kwenye ubongo, ni kiharusi.

Kati ya ateri na vena kuna vimishipa vyembamba kuliko unywele, kapilari. Hapo ndipo biashara yenyewe inafanyika: oksijeni na chakula vinashuka, uchafu unapakiwa. Moyo nao una ateri zake za kuulisha. Damu inayopita ndani ya vyumba vyake haiushibishi, kama vile mpishi asivyoshiba kwa kunusa. Ateri hizo zikiziba, kipande cha msuli kinakufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Namba mbili na jinsi ya kuzipata kwa haki

Presha huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za ateri moyo unapojikamua, ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Chini ya 120/80 uko vizuri. Ikifika 140 juu au 90 chini, na ikarudia hivyo siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Hapo katikati ni eneo la kujiangalia: punguza chumvi, tembea, rudi upime. Ukikuta 180 juu au 120 chini, usisubiri mbalamwezi nyingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama kuna kichwa kinachopasua, macho kuona ukungu au kifua kubana, nenda sasa hivi.

Kupima kwenyewe kuna adabu zake, na nimejifunza kwa gharama. Niliwahi kuingia zahanati moja nikiwa nimetoka kupanda mlima kwa miguu, koti mwilini, mkojo umenibana, na mpimaji akawa ananiuliza habari za nyumbani huku mashine inajaza upepo. Ikasoma 162/98. Nikatoka na bahasha ya dawa na hofu ya wiki mbili. Nilipopimwa tena nimetulia, mkono wazi, ilikuwa 134/84. Sina ugomvi na yule mpimaji, foleni ilikuwa ndefu. Lakini kipimo kibaya ni kibaya pande zote mbili, maana kinaweza pia kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima.

Kwa hiyo fika mapema. Kojoa kwanza. Usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa ndani ya nusu saa iliyopita. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kuikunja nne. Vua koti au pandisha mkono wa shati mpaka mkanda uguse ngozi, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Wakati mashine inafanya kazi, usiongee, hata ukisalimiwa na mkwe. Omba upimwe mara mbili, dakika moja au mbili zikipita katikati. Kisha andika tarehe na namba zote mbili kwenye daftari. Daftari la shilingi mia chache linamsaidia daktari kuliko maneno "huwa inapanda inashuka".

Na hili la "presha ya kushuka" lina madhara mitaani. Mtu akisikia kizunguzungu, anaambiwa presha imeshuka, alambe chumvi. Kizunguzungu kina sababu nyingi: njaa, upungufu wa damu, malaria, kukosa usingizi baada ya usiku mzima ziwani, na mara nyingine presha iliyopanda. Anayelamba chumvi bila kupima anaweza kuwa anamwagia moto mafuta. Pima kwanza.

Chumvi ya Uvinza na mawese ya nyumbani

Mkoa wetu una chumvi yake. Chemchemi za Uvinza zimekuwa zikichemshwa kutoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914 chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya thamani kutoka bara hadi mwambao wa ziwa. Nimewasikia watu wakisema chumvi ya Uvinza haina neno kwa sababu ni ya asili. Kwa ateri zako hakuna tofauti. Chumvi ni chumvi: ikiingia katika damu inavuta maji, maji yanaongeza wingi wa damu, na wingi huo katika mabomba yale yale ni presha.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula kutwa: uji, mchuzi, maandazi, na kile kiungo cha pakiti kinachotiwa mchuzini, ambacho nacho ni chumvi kwa sehemu kubwa. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi mloweke, mwaga maji, mloweke tena kabla ya kupika, wala usiongeze chumvi nyingine. Dagaa waliokaushwa kwa jua peke yake hawana shida hiyo. Kopo la chumvi lisikae mezani.

Mawese nayo nayapenda, na maharage yasiyo na mawese kwangu hayajaiva. Hata hivyo karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha lehemu katika damu. Hakuna anayekuambia uyaache. Pima kwa kijiko badala ya kumimina kwa chupa, na mafuta yaliyokaanga migebuka jana na juzi yasikaange tena leo. Migebuka na dagaa wenyewe ni heri kuliko nyama ya mafuta. Sigara na gongo sina la kuzitetea.

Katika habari ya chumvi nikupe kisa kimoja cha hapa hapa. Wageni huja Ujiji kupiga picha mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, pale penye miembe. Ni wachache wanaouliza moyo wa Livingstone uko wapi. Alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, kisha mwili wakautia chumvi na kuuanika juani kama wiki mbili ili uhimili safari ya miezi hadi Bagamoyo. Ulifika hadi London ukazikwa. Chumvi ilimfaa akiwa maiti. Aliye hai, kijiko kimoja kinamtosha.

Miguu, mito na mafindofindo

Presha ikikaa miaka bila kudhibitiwa, moyo unafanya kama kila msuli unaobebeshwa mzigo: unanenepa. Mwanzoni unaonekana una nguvu. Baadaye unachoka, unatanuka, na damu inaanza kurundikana nyuma yake. Watu huita "moyo mkubwa", na jina hilo halijakosea sana.

Dalili zake unaweza kuzitafuta nyumbani. Bonyeza mfupa wa muundi kwa dole gumba, hesabu hadi kumi, achia. Kama kimebaki kishimo kama ulichobonyeza kwenye ugali wa muhogo, maji yamejaa chini ya ngozi. Si kila uvimbe wa miguu unatoka moyoni, figo na ini navyo huleta, lakini uvimbe huo ukiambatana na kuhema, usiukalie. Jambo la pili ni mito. Muulize mzee wako analalia mito mingapi. Aliyekuwa analala chali kwa mto mmoja mwaka jana, leo anataka mitatu, na saa nane za usiku anaamka kufungua dirisha akitafuta hewa, mapafu yake yanaingiwa na maji. Hiyo haiitwi uzee.

Mama aliyejifungua karibuni naye aangaliwe. Kuna ugonjwa wa moyo kutanuka unaowapata wanawake katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua. Anavimba, anachoka, anahema akilala, na nyumba nzima inasema ni uchovu wa kunyonyesha. Mpelekeni akapimwe moyo. Wengi hupona dawa zikianza mapema, na kabla ya kubeba mimba nyingine ni lazima aonane na daktari.

Kwa watoto, mlango wa hatari ni koo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa mafindofindo, koo jekundu, homa. Hayatibiwi, au anapelekwa kukatwa kimeo. Wiki mbili au tatu baadaye goti linavimba, likipoa kinavimba kiwiko. Ni homa ya baridi yabisi: kinga ya mwili iliyotoka kupigana na bakteria wa kooni inageuka kushambulia viungo na vali za moyo. Viungo hupona. Vali hubaki na makovu, na kila homa inayorudia inaongeza kovu jingine, mpaka binti wa miaka 20 hawezi kupanda ngazi. Kukata kimeo hakumwondoi bakteria hata mmoja, kunaleta damu na vidonda vinavyooza. Dawa ya koo hilo ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Mtoto ambaye moyo umekwisha kuguswa huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi ili homa isirudi. Wiki 4 ni siku 28, na mwezi wa angani ni siku 29 na nusu. Familia ya mvuvi haihitaji simu ya kuikumbusha, ila sindano ichomwe siku moja au mbili kabla mwezi haujarudi pale pale.

Mtoto mchanga anayetoka jasho akinyonya, anayeachia ziwa kila mara kuvuta pumzi, asiyeongezeka uzito, au mwenye midomo ya buluu, huenda amezaliwa na tundu kwenye moyo. Mengi ya matundu hayo yanazibika. Safari yake ni kutoka zahanati hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na ikibidi Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambayo tangu 2015 inajitegemea kama hospitali ya moyo ya taifa. Taasisi hiyo hutuma pia timu za madaktari mikoani. Tangazo la ujio wao likibandikwa, lisome hadi mwisho.

Saa mbaya ikifika

Kiharusi ni mshipa wa ubongo ulioziba au uliopasuka. Nalisema hivi kavu kwa sababu katika mitaa yetu bado kinaitwa upepo mbaya, na saa za mwanzo, zenye thamani kuliko zote, zinaishia kwenye ubani na kombe. Mgonjwa asomewe dua, sikatai. Isomwe njiani, gari linakwenda. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba kiharusi kwetu si ugonjwa wa Wazungu hata kidogo: baada ya kulinganisha umri, Dar es Salaam ilizipita nchi nyingi tajiri.

Mwenye kiharusi mtambue hivi. Mwambie atabasamu, mdomo umekwenda upande? Mwambie anyanyue mikono yote miwili, afumbe macho; mmoja unashuka? Mwambie aseme, "Migebuka imefika Kibirizi", maneno yanakwama? Moja tu kati ya hayo linatosha. Tazama saa na uikumbuke, daktari ataiuliza. Mlaze ubavu. Usimpe maji, uji, wala kidonge chochote: koo lake huenda limepooza naye atapaliwa. Asprini hapa hapana, kwa kuwa kama mshipa umepasuka utamwongezea kuvuja damu, na bila picha ya ubongo hakuna ajuaye.

Shambulio la moyo lina sura yake. Kifua kinabanwa kama kimewekewa gunia, maumivu yanakwenda mkono wa kushoto, shingo, taya au mgongo, jasho baridi, kichefuchefu. Kwa wanawake na wenye kisukari laweza kuja bila maumivu makali, pumzi tu imekata na tumbo la juu linawaka. Nimeshawaona watu waliokunywa dawa ya vidonda vya tumbo usiku kucha kumbe ni moyo. Kiungulia kilichokuja ghafla na jasho, kwa mtu wa miaka 50 anayevuta sigara, kihesabiwe ni moyo mpaka apimwe. Huyu mkalishe ameegemea, asitembee. Hapa asprini inafaa: kidonge kimoja cha miligramu 300, akitafune, kama hana mzio nacho wala hana tatizo la kutoka damu.

Mkaazi wa mjini atapata bodaboda au gari. Wewe wa vijiji vya kusini, Buhingu au Kalya, ambako njia ya watu wengi ni boti, panga leo. Nani ana injini inayowaka? Petroli ya akiba inakaa kwa nani? Kituo cha afya kilicho karibu kina namba gani ya simu? Upepo wa ziwa ukikataa, nani mwenye pikipiki? Kamati ya harusi hupanga mambo madogo kuliko hayo kwa vikao vitano.

Vidonge

Mwenye presha akianza dawa, namba zinashuka, anajisikia mzima, anaacha. Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Mtumbwi unaovuja, ukichota maji kila siku, unakaa mkavu. Anayeuona mkavu akatupa kopo atajua baadaye kilichokuwa kinamweka juu ya maji. Dawa za presha kwa wengi ni za maisha, zinanywewa kila siku, unajisikia vibaya au vizuri. Zikikuletea kikohozi kikavu, miguu kuvimba au kizunguzungu, rudi ubadilishiwe. Zipo za aina nyingi. Usiazime za jirani: yeye ana figo zake. Kitunguu saumu na mlonge kula, ni chakula, lakini hakikisha vidonge viko pembeni ya sahani.

Ramadhani ikikaribia, watu wa Ujiji huniuliza. Dawa inayonywewa mara moja kwa siku huhamia kwa urahisi kwenye futari au daku. Za mara mbili, na zile za kukojoza, kamuulize mhudumu wako wiki chache kabla ya mwezi kuandama. Ambaye moyo wake umechoka kiasi cha kukatazwa kufunga, dini imempa ruhusa, aitumie.

Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa miezi mitatu ili ziwa lipumzike, Mei hadi Agosti, mwaloni palikuwa na watu wengi wasio na la kufanya asubuhi. Mapumziko ya mbalamwezi ni mafupi kuliko hayo, lakini yanakuja mara kumi na mbili kwa mwaka, wakati mwingine kumi na tatu. Mwezi utakapokuwa mpevu, chukua daftari, mchukue na mkeo, au mumeo, au baba aliyeacha vidonge. Kipimo chenyewe, pamoja na zile dakika 5 za kukaa kimya, hakimalizi dakika kumi.